Picha Kumi na Moja za Ndyamukama

Mpige Mhaya picha bila kumwambia, uone cha moto. Kwanza atataka arudi ndani akavae koti. Akishavaa koti atataka kiti, na kiti kikija atauliza mbona si kile cha sebuleni. Protase alikuwa ameishi na balaa hilo miaka kumi na saba, tangu afungue studio yake ya chumba kimoja pale Bilele, mjini Bukoba, na kusema kweli lilikuwa limemchosha. Harusi, kipaimara, mazishi, kote ni yale yale: watu wanajipanga kwa ukubwa, wananyoosha shingo, wanakaza nyuso kama wako kwenye foleni ya vitambulisho. Hata msibani, jamani! Mtu analia machozi ya kweli, akiiona kamera anayafuta, anafunga kifungo cha shati, halafu anaanza kulia upya, safari hii kwa mpangilio.

Ndiyo maana Kampala ilimlevya. Alikwenda huko wiki tatu kabla ya Pentekoste, kutafuta lenzi ndefu ya mtumba. Duka lilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya mtaa wenye watu kama siafu, na muuzaji akamwambia atoke kibarazani aijaribu. Protase akaielekeza chini. Akampata mama mmoja anayemkaripia mwanawe huku mwenyewe kicheko kimemshinda. Akampata askari anayechokonoa meno. Akawapata wasichana wawili wanaogombania mwavuli mmoja na wote wawili wanalowa. Hakuna aliyenyoosha shingo. Hakuna aliyemjua, hakuna wa kumuuliza wa nyumbani hawajambo. Bwana we, alifurahi! Alijiona kama mtu aliyekuwa kipofu miaka yote hiyo.

Ndipo akaingia kwenye lenzi mwanamume mwenye belo la mitumba mgongoni, ameinama, mishipa ya shingo imemtoka. Protase akapiga. Yule mtu akatua mzigo wake ukingoni mwa barabara, akajifuta jasho kwa kiganja, kuanzia kidevuni kupandisha juu. Protase akavuta lenzi karibu zaidi. Duniani aliwajua watu wawili tu wanaojifuta uso hivyo. Mmoja alikuwa baba yake, Mzee Karugendo, ambaye siku hiyo alikuwa kitandani kijijini Ijumbi, mgonjwa. Wa pili alikuwa kaka yake mkubwa, Ndyamukama, ambaye familia haikuwa na habari zake kwa miaka tisa.

Miaka tisa kwa sababu ya mibuni! Ndyamukama alikata mibuni arobaini ya zamani bila kumuuliza baba yake, ati apande mipya yenye kuzaa haraka. Mzee alipoviona vile visiki, akaita majirani, akasema mbele yao kwamba huyu si mwanawe. Kijana akachukua mfuko wake, akavuka mpaka wa Mutukula, na hakurudi. Hasira za mzee ziliisha kabla hata mwezi haujaisha, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tangu hapo kila Protase alipofika nyumbani, swali la kwanza la baba yake lilikuwa hilo hilo: "Hujasikia lolote?"

Sasa basi, Ndyamukama alikuwa pale chini, hatua mia hivi. Kwenye lenzi alikuwa karibu zaidi, hata kovu la kwenye nyusi lilionekana. Protase alipiga picha kumi na moja. Kaka yake akajitwisha mzigo, akapinda kona, akapotea.

Mbona hakumwita? Msiniulize mimi, mwenyewe hajui mpaka leo. Alijiambia ghorofa ni ndefu na honi ni nyingi, hatasikia. Lakini ngazi si zilikuwepo? Alijiambia mdogo hawezi kumfuma mkubwa wake katika hali ile. Kwetu angetakiwa ainame, ampe salamu kamili ya heshima, amwite *waitu*, na huyo waitu mwenyewe jasho linamchuruzika, suruali imetoboka magotini. Si angekuwa anamdhalilisha? Hilo lilikuwa na ukweli kidogo, na uongo wenye ukweli kidogo ndio mtamu kuliko wote. Lakini chini kabisa moyoni, mahali ambapo mtu hapendi kuchungulia, kulikuwa na kibanja. Migomba ekari tatu, kahawa, nyumba ya bati na makaburi ya babu. Mkubwa akirudi, ni cha mkubwa. Mkubwa asiporudi, ni cha Protase.

Alilipia lenzi, akapanda basi la kurudi.

Kesho yake alikwenda Ijumbi kumjulia hali baba yake. Mzee alikuwa amelala ubavu, amepungua mpaka blanketi lilikuwa kama halina mtu ndani.

"Kampala," mzee alisema. "Watu ni wengi?"

"Wengi sana, Tata."

"Katika wote hao hukumwona mkubwa wako?"

Mama yao, Kokubanza, alikuwa amekaa miguuni pa kitanda na kikombe cha uji mkononi. Aliacha kukoroga.

"Sikumwona, Tata," Protase alisema.

Mzee alivuta blanketi mpaka kidevuni. "Utapita tena huko siku nyingine. Ukimwona mwambie mibuni huchipua. Mwambie hivyo tu, ataelewa." Kisha akaomba ageuziwe ukutani.

Usidhani Protase alilala usingizi baada ya hapo. Alikuwa na siku ishirini za kutengeneza alichokiharibu, na kila siku alisema kesho. Alijifungia studio, akawasha kamera, akamtazama kaka yake picha moja baada ya nyingine. Siku moja alifika stendi kabisa, begi mkononi, akaahirisha kwa sababu ya harusi ya watu. Harusi! Jumatatu baada ya Pentekoste simu ikalia asubuhi, na sauti ya mama yake ikasema, "Baba yako ametuacha."

Walimzika kwenye migomba, nyuma ya nyumba. Watu walilala matanga, na siku ya kumaliza matanga, ukoo ukakaa uani kumtaja *omusika*, mrithi mkuu, maana desturi haimruhusu marehemu kuachwa bila mtu wa kukaa mahali pake. Baba mdogo, Mzee Joackim, ndiye aliyesimama. Alikuwa na kanzu ya marehemu mkononi, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Mkubwa hatumwoni," alisema. "Mtu aliyepotea miaka tisa, sisi tunasema ametangulia. Mungu amrehemu. Omusika ni Protase."

Watu wakaitikia. Kokubanza hakuitikia. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wenzake, na aliposikia lile neno, ametangulia, alijifunika uso kwa kitenge. Hakulia kwa sauti. Alimlilia mwanawe kimya kimya, mara ya pili katika juma moja kupoteza mtu.

Protase alikuwa ameshaingiza mkono mmoja kwenye kanzu. Akasimama hivyo, mkono mmoja ndani, mwingine nje, watu wakidhani ni majonzi. Mzee Joackim akamhimiza, "Ingiza na huo, mwanangu."

"Ngoja kwanza, baba mdogo."

Alivua. Kamera alikuwa ameitundika begani, kwani baada ya shughuli angepiga picha ya ukoo. Akaiwasha, akatafuta, akaenda kupiga magoti mbele ya mama yake. Kwa haraka akapita picha aliyoitaka, ikabidi arudi nyuma.

"Maawe, tazama."

Kokubanza aliipokea kamera kwa mikono miwili. Alitazama.

"Amekonda," alisema mwishowe. Na akacheka, Mungu wangu, mama wa watu akacheka! "Joackim, huyu mtoto hajafa! Amekonda tu! Tazameni, anabeba mizigo. Mwanangu anabeba mizigo!" Wanawake wakasogea kutazama, mmoja akapiga kigelegele, mwingine akaanza kusema Salamu Maria. Kwa dakika nzima Protase alidhani labda itaishia hapo.

Kisha mama yake akauliza, macho bado yapo kwenye kamera, "Umepiga lini?"

Angeweza kudanganya tena. Njia ya mwongo ni fupi, lakini bado ilikuwepo hatua moja.

"Nilipokwenda kununua lenzi," alisema.

"Kabla ya Pentekoste."

"Kabla, maawe."

Kicheko kilimtoka mama yake usoni kidogo kidogo. Wale wanawake nao wakarudi mkekani, mmoja mmoja, kadiri walivyoelewa.

"Alikuuliza," Kokubanza alisema. "Mimi nilikuwepo, nimeshika uji. Alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Na kaka yako alikuwa humu?" Aligusa kamera kwa kidole.

"Alikuwa humo, maawe. Nisamehe."

Hakumtukana wala hakumlaani. Mzee Joackim alishainua mkono kumzuia, akakuta hakuna cha kuzuia. Kokubanza alijiinua kutoka mkekani, akajifunga kitenge vizuri, akashika kamera kama mtu anayebeba bakuli lililojaa. Akaelekea nyuma ya nyumba. Protase akanyanyuka, akamfuata mpaka konani.

"Wewe baki hapo," mama alisema bila kugeuka.

Alibaki. Kutoka penye kona ya nyumba aliweza kumwona kati ya migomba. Mama alichuchumaa penye udongo mpya, akaigeuza kamera, kioo kikatazama chini kaburini. "Karugendo," alisema. "Huyu hapa. Yu mzima. Tazama."

Alikaa hivyo kwa muda. Alipoigeuza kamera ili naye amwone tena, kioo kilikuwa kimejizima. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Akaitikisa. Akaifuta kwa kitenge, akabonyeza tena. Kitufe cha kuiwasha kilikuwa juu, upande wa kulia, na kingemrudisha Ndyamukama kwa mguso mmoja.

Protase alisimama pale konani, akingoja mama yake amwite. Kokubanza aliendelea kubonyeza.