Ugonjwa Walioniombea Kiringye

Nilijifunza kushona peke yangu, kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona upya mpaka zikakubali. Labda ndiyo maana siwezi kuvumilia mshono uliopinda. Katika chumba changu cha kazi hapa Kasenga kuna kioo kirefu cha wateja. Tangu nilipomwachisha mtoto kunyonya, kila mchana akilala nafunga mlango, navua blauzi na kujipima kwa utepe. Kutoka shimo la shingo hadi chuchu ya kulia. Kisha ya kushoto. Naandika, nafuta, napima tena.

Niseme wazi, kwa sababu nimechoka kutosema. Matiti yangu yana vifuko vya silikoni. Niliviweka kabla ya kuolewa, nilipokuwa nikishona Kampala. Kifua changu kilikuwa bapa, na kila gauni nililojishonea nililijaza sponji. Nilitaka nguo inikae sawa bila ujanja. Sikumwambia mtu. Mume wangu alinikuta hivyo, na hata yeye hajui. Siku hizi anafanya kazi Kalemie, huja kwa meli akipata ruhusa. Kwenye simu tunaongea habari za mtoto: ameota jino, ametembea. Tukimaliza za mtoto, tunaagana.

Nilipojifungua, mama mkwe alikuja kutoka kijijini kwake Kiringye kunikanda, kama inavyofanyika kwetu. Alichovya kitambaa katika maji ya moto, akanikanda tumbo, mgongo, kisha matiti. Vidole vyake, vilivyozoea jembe, vilisimama pembeni mwa titi la kushoto.

“Hapa maziwa imeganda,” alisema.

“Haiumi, mama.”

“Haiumi! Weye unajua nini? Minye nimekanda wazazi wangapi?”

Akakanda. Asubuhi na jioni, wiki nzima, alitafuta kuyeyusha kitu kisichoweza kuyeyuka, na mimi nilikaa kimya kwa hofu kwamba kitapasuka mikononi mwake. Nikilia, aliniambia nilie tu, maziwa itashuka. Aliporudi shambani kwake alikuwa na uso wa mtu aliyeshindwa kazi.

Mtoto alinyonya vizuri, akanenepa. Ni mwili wangu uliobadilika. Vifuko vilibaki juu, palepale vilipowekwa, na nyama yangu mwenyewe ikateleza chini, kama kitambaa kilichovutika juu ya pedi. Nilimwandikia yule daktari wa Kampala. Akajibu kwa upole kwamba kuyainua matiti kunawezekana, lakini kwanza nisubiri miezi kadhaa baada ya kuachisha, nipige ekografia, ile picha ya ndani ya mwili, kuona kama vifuko ni vizima, na huenda avitoe au avibadilishe. Kungebaki makovu. Mimba nyingine ingeweza kuyashusha matiti tena. Akanitumia mchoro wa mahali pa kukata: duara, mstari wa kushuka, mstari wa chini. Niliuelewa mara moja. Ndivyo ninavyopunguza blauzi iliyozidi.

Swali lake la mwisho ndilo lililonikwamisha. “Nani atakuja na wewe? Nani atambeba mtoto wiki zile ambazo hutaruhusiwa kuinua kitu?”

Nilipitia namba zote kwenye simu yangu. Wateja, wauza vitambaa, wanawake wa kanisani. Hakukuwa na hata mmoja ambaye ningeweza kumwandikia sentensi ya kwanza. Basi nikatunga uongo: naenda Kampala kuchukua vitambaa, nitakawia. Nikamwomba mama mkwe aje amchukue mtoto.

Alikuja Jumamosi, na muhogo kwenye kikapu. Kabla hata hajakaa aliniuliza, “Na ile maziwa iliganda, ilitoka?”

“Mama, ni zamani hiyo.”

“Si zamani. Kila Alhamisi tunakuombea mu kikundi ya wamama. Niliwaambia muke ya mutoto wangu iko na ugonjwa mu titi, na ni minye nilikosa kukanda vizuri.” Alitazama mikono yake. “Nilichelewa kuja. Ningefika siku ya kwanza, ingeyeyuka.”

Nilikuwa nimefunga tayari sanduku. Nilikuwa nimekunja nguo za mtoto kwa ukubwa, ndogo juu. Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake.

“Mama, si maziwa. Ni kitu niliweka. Daktari aliniweka, mbele ya ndoa.”

“Uliweka nini?”

Nikamweleza. Alisikiliza mdomo wazi. Kisha akapiga makofi mara moja, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea.

“Yangu mimi! Na minye nakanda! Nakanda kitu ya daktari!” Kicheko kilipokwisha alikifunga upya kitambaa chake. “Kwa nini? Muntu alikucheka?”

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilisema, “Hapana. Nilijicheka mwenyewe.”

“Na bwana yako anajua?”

“Hapana.”

“Basi utamwambia weye. Si minye.” Akasimama, akajifunga mtoto mgongoni. Mlangoni aligeuka. “Alhamisi wataniuliza. Nitasema uliponeshwa na nini?”

Alikataa nimsindikize. Nilibaki na sanduku na kioo. Nyumba bila mtoto ilikuwa kimya hadi nikasikia utepe ukiteleza mezani. Sikujipima. Nilimwandikia daktari kwamba nitafanya ekografia tu kwanza. Habari ya kukatwa sijaiamua. Kumpigia mume wangu nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili niliongea habari za mtoto.

Alhamisi jioni simu iliita. Mama mkwe aliongea chini chini, kama mtu aliyejificha nyuma ya nyumba.

“Nimewaambia umepona. Mungu atanisamehe. Sasa niambie weye kweli: inauma?”

“Kidogo,” nilisema. “Upande wa kushoto, nikishona muda mrefu.”

“Ngoja,” akasema. “Nisogee mbali na watu. Halafu uniambie yote.”