Betri ya Mwaka Mmoja

Juzi nilikuwa kwenye duka la betri za magari Kariakoo. Muuzaji ananifafanulia: ya Korea ina waranti ya mwaka mzima, ya China miezi sita. Mara akaingia mzee amekumbatia betri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii ya Korea imekufa, hata miezi mitano haijafika. Uliniambia mwaka."

"Na mwaka ni mwaka, mzee wangu. Risiti?"

Mzee akatoa kikaratasi alichokitunza kwenye mfuko wa nailoni. Muuzaji akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza. Maandishi yote yalikuwa yamefutika.

"Hapa hakuna kitu. Ungetoa kopi mapema," akasema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Mimi nimeacha kuuliza betri imetoka nchi gani. Nauliza wino wa risiti una waranti ya miezi mingapi.