Kikohozi cha Kinyozi

Fundi cherehani alikuwa mwepesi wa mkono na mwepesi wa ulimi. Kwa miaka thelathini aliishi na mumewe, kinyozi ambaye, mtaani walisema, angemchekesha hata mtu aliyetoka kung'olewa jino. Kisha kiharusi kikamwangusha mumewe kibandani kwake, mkasi mkononi. Alirudi kutoka hospitali upande wa kulia umelegea, maneno yanamtoka kwa kuburuzika, akiwa na mfuko wa vidonge.

Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, mke alimpa dawa, na kila asubuhi mume alipaliwa. Alikohoa mpaka machozi, kidonge kikarudi kwenye shuka. Mke aliona ni deko. Mwanamume aliyezoea kutafuna mifupa, leo ashindwe na kitu kisichozidi kifungo cha shati? Naye alikuwa na sare za shule arobaini zinamngoja.

Siku moja uvumilivu ukamwisha. Alimlaza kichwa juu ya mto, akamtumbukizia kidonge, akafuatisha funda moja la maji.

"Meza, baba watoto. Usinichoshe."

Mume alikohoa, uso ukamwiva, akamng'ang'ania mkono kwa ule wake mzima. Safari hii kidonge hakikurudi. Mke akashukuru, akaenda zake kushona.

Siku ya tatu homa ilipanda na kifua kikawa kinakoroma. Hospitalini muuguzi aliuliza jinsi anavyompa dawa, naye akaeleza bila kuficha. Muuguzi hakumkaripia. Alisema kiharusi hulegeza hata koo, kinachomezwa kikapotelea njia ya hewa na kuharibu mapafu. Na mtu akilala, kinywa kikiwa kikavu na maji kiduchu, hatari huzidi. Mgonjwa aketi wima, na akipaliwa kila anapomeza, apelekwe kupimwa. Pengine angebadilishiwa dawa.

"Kwa hiyo hakuwa ananidekea?"

"Hapana, mama. Alikuwa hawezi."

Aliketi kando ya kitanda akamwomba mumewe radhi. Kinyozi akasogeza midomo chini ya barakoa ya hewa, na kwa jinsi jicho lilivyomchezacheza, mke alijua ni mzaha. Hakusikia hata neno. Alicheka hivyo hivyo, asimvunje moyo. Mume alimtazama kwa muda, akafumba macho. Kesho yake mchana alikata roho.

Waliokuja kumpa pole walisema siku zake zilikuwa zimefika. Binti yake alimwambia, "Mama, hukujua." Aliitikia kwa mdomo tu.

Siku hizi mteja akitaja mgonjwa anayepaliwa na vidonge, fundi husimamisha cherehani, akamwambia amketishe, asimlazimishe, ampeleke kwa daktari leo, si kesho. Wengine humwuliza ameyajulia wapi. Husema aliambiwa na muuguzi, akainamia kitambaa chake.