Rangi Chini ya Waya wa Greda

Kwa miaka mingi nimekana kwamba nina kinyongo. Nikiulizwa kwa nini niliacha uinjinia nikaingia kuandika makala, hujibu kwa tabasamu kwamba moyo wangu ulipenda vitabu. Watu huguswa sana na jibu hilo. Leo, mwanangu, nakiri: kinyongo ninacho, nimekilea vizuri, na kilizaliwa kwenye stata ya greda, ile mota ya kuwashia injini. Nakuita mwanangu ingawa bado napanda mlima wa Mghange bila fimbo. Husimama njiani mara kwa mara, lakini ni kwa ajili ya kuangalia mandhari.

Nakumbuka Jumapili ile kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Ila lazima nianzie nyuma kidogo.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, nikaajiriwa na kampuni ya barabara iliyokuwa na yadi hapa Voi. Nilifika na shahada, mita ya kupimia umeme, na helmeti iliyonizidi kichwa. Tulikuwa tukichonga barabara ya kuzunguka Kasigau. Greda ya upande wa Makwasinyi iliendeshwa na Mwadime, mtu mzima wa Ronge, mpole, mwimbaji wa kwaya. Aliniita "madam injinia" bila dharau, jambo ambalo pale yadi lilikuwa adimu.

Greda hiyo ikaanza kugoma kuwaka. Asubuhi, injini ikiwa baridi, iliwaka kwa kusitasita. Ikishapata moto ukaizima, ndiyo basi. Ukigeuza ufunguo unasikia "tik", kisha kimya. Na Makwasinyi si Voi mjini. Mashine ikikuzimikia kule utazungumza na ndovu mpaka fundi afike. Kwa hiyo Mwadime alifanya ambacho opereta yeyote angefanya. Akishaiwasha asubuhi, haizimi mpaka jioni. Akila chakula cha mchana, inanguruma. Akienda kichakani, inanguruma.

Dizeli ikawa inaisha upesi, na meneja wa yadi hakuuliza kwa nini. Kwenye kazi za barabara, dizeli ikipungua kuna jibu moja tu, nalo lina miguu miwili na limebeba jerikeni.

"Mwadime, unamuuzia nani?" alimuuliza mbele ya watu.

"Bosi, mashine haiwaki. Nikiizima nitaiwasha na nini, na maombi?"

"Stata si tumenunua mpya?"

"Nayo imekataa."

"Ooh. Basi hata stata inajua wewe ni mwongo."

Watu wakacheka, kwa sababu aliyesema ni bosi. Ijumaa hiyo Mwadime akasimamishwa kazi, asubiri uamuzi wa makao makuu Nairobi. Uelewe kilichokuwa hatarini, mwanangu. Opereta akishaitwa mwizi wa dizeli, hakuna atakayempa ufunguo wa mashine tena, kutoka Taveta hadi Maungu. Mikono yake haijui kazi nyingine, na jina lake linafika kila saiti kabla yake.

Jumamosi greda ikavutwa hadi yadi, mafundi wakafunga stata nyingine mpya. Nayo ikalia "tik" ileile, lakini ilikuwa jioni, wakafunga vifaa vyao wakaenda zao.

Jumapili watu wakiwa kanisani, niliingia yadi peke yangu. Betri nilizikuta nzima. Stata zilizotupwa niliziweka mezani, nikaziunga na umeme, zikazunguka bila shida. Basi ugonjwa haukuwa ndani ya stata, ulikuwa njiani. Umeme ukitoka kwenye betri sharti upate njia ya kurudi, na njia hiyo ikizibwa, stata hulia kidogo na kunyamaza. Nikabana ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa stata, nikapanda kwenye kiti na mita yangu, nikageuza ufunguo. Sindano, ambayo haikupaswa kutikisika sana, iliruka. Umeme ulikuwa unakwama ukirudi.

Nikaufuata waya mnene wa ethi, ule unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye fremu ya mashine. Nikafungua nati. Chini ya kichwa cha waya kulikuwa na rangi ya njano, nene, nzuri kabisa.

Nikakumbuka. Muda mfupi kabla greda haijaanza kugoma, kulitarajiwa wageni wakubwa wa kukagua mradi, na meneja akaamuru mashine zote zipakwe rangi zing'ae. Greda ilipakwa hata mahali ambapo chuma kinapaswa kugusa chuma, kisha waya ukafungwa juu yake. Wageni wenyewe walipita kwenye gari la vioo vyeusi. Hawakushuka.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Ningerudisha nati, nikafunga geti, nikaita watu. Badala yake nilichukua msasa. Nilisugua mpaka chuma kikameta, nikakaza waya, nikawasha. Greda ikanguruma papo hapo. Nikaizima, nikaiwasha tena, na tena, kama mtoto aliyepewa filimbi. Nilikuwa na ile furaha ya kupata swali la mtihani lililowashinda wenzako, na furaha hiyo haimkumbuki mtu mwingine yeyote.

Jumatatu nikaingia kwa meneja kifua mbele.

"Inawaka, bosi. Ilikuwa rangi chini ya waya wa ethi. Mwadime alikuwa anasema kweli."

"Hiyo rangi iko wapi?"

"Nimeisugua."

"Umeisugua." Akakoroga chai yake polepole. "Sasa madam, mimi naona hivi. Jumamosi tumefunga stata mpya. Leo mashine inawaka. Wewe unaniletea hadithi ya msasa."

"Nimepima kwa mita!"

"Haya, pima tena nione."

Hakukuwa na cha kupima. Nikamwambia tufungue waya za mashine nyingine, nazo zilipakwa siku ileile. Akasema mashine nyingine zinawaka, niache kuzitafutia magonjwa.

Ubaya zaidi ulikuja baadaye. Greda ikakabidhiwa opereta mwingine. Sasa kwa kuwa iliwaka, aliizima kila alipokwenda kula. Matumizi ya dizeli yakapungua mara moja. Meneja akapata ushahidi wake, na nilikuwa nimemtengenezea mimi kwa mikono yangu.

Nilikwenda Ronge kumweleza Mwadime. Nilimkuta akipalilia maharagwe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulipoiona hiyo rangi ulikuwa na nani, madam?"

"Peke yangu."

"Ungenipigia simu. Ningetoka kanisani na joho langu la kwaya nipande pikipiki mpaka Voi." Akatikisa kichwa. "Umesoma sana, mwanangu, lakini ulikuwa na haraka ya kushinda."

Akarudi kwenye maharagwe yake. Mkewe alinipa chai, ila hakuketi nami.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiligundua kosa ambalo mtu mwingine analaumiwa kwalo, weka chini spana. Liache kama lilivyo. Mwite aliyelaumiwa, mwite na aliyemlaumu, wote waisikie ile "tik" kwa masikio yao, waione rangi kwa macho yao, ndipo utengeneze. Mashine iliyopona hakuna anayeiuliza ilikuwa inaumwa nini. Sikuahidi kwamba mashahidi wangemwokoa Mwadime. Meneja yule angeweza kuwafukuza nao. Lakini angetoka jasho. Mimi nilimrahisishia.

Mungu akupe mikono yenye ujuzi, na subira ya kuizuia. Akupe wakubwa wanaouliza kabla ya kuhukumu. Akikunyima hao, asikuache ukawa peke yako siku utakayokuwa na haki.

Uamuzi wenyewe ulikuja kwa simu, mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya meneja, nimekuja kumtetea Mwadime tena, simu ikaita. Akaiweka spika makusudi, nisikie.

"Ile greda?" sauti ya Nairobi ikauliza.

"Inawaka vizuri, mkuu."

"Na dizeli?"

"Matumizi yameshuka tangu yule mzee aondoke."

"Basi mwizi amejulikana. Mwandikieni barua ya kumwachisha."

"Mkuu, samahani," nikaingilia, "mashine ilikuwa na—"

"Huyo ni nani?"

"Injinia wetu," meneja akasema. "Ndiye aliyeitengeneza."

"Aa, vizuri sana. Mwambie asante."

Simu ikakatwa.