Aliyetikisa Usukani

Mlio wenyewe ulikuwa "ko". Mmoja tu, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kimoja halafu anasubiri aitikiwe. Niliusikia siku yangu ya kwanza kazini, kwenye gereji moja ya Tandale, nimemaliza darasa la saba tu na ovaroli limenizidi mikono. Mwenye gereji akasimamisha kila kitu.

"Umesikia, binti? Hiyo tairodi endi. Inabisha hodi."

Wadogo zangu mnaoanza kushika spana, najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee wenye pensheni. Mie nimestaafu nina miaka thelathini na mbili, na barua ya kustaafu iliandikwa na mgongo wangu. Lakini niliyoyaona yananitosha, na ndoto ninazo bado: siku moja nitafungua gereji yangu, mafundi wote wanawake, na chai itakuwa ya maziwa.

Tairodi endi ni kifundo kinachounganisha fimbo ya usukani na tairi la mbele. Ndani yake kuna gololi kubwa inayozunguka kwenye kikombe chenye grisi. Kikombe kikilika, gololi inacheza. Ikichomoka gari likiwa mwendoni, dereva anazungusha usukani na tairi halina habari naye. Kukipima mnahitaji watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kabini na kutikisa usukani kidogo kidogo, kushoto, kulia. Mwingine analala chini, kashika kifundo kwa kiganja. Jicho linadanganyika, kiganja hakidanganyiki. Na gari liwe limesimama kwa uzito wake. Ukiliinua kwa jeki, kifundo kilichokufa kinaweza kujibana kikajifanya kizima.

Kosa hilo tulilifanya Temeke, kituo changu cha pili, chini ya bosi tuliyemwita Fundi Mkuu. Shimo letu la kukagulia lilikuwa limejaa maji ya mvua, kwa hiyo wiki ile tukawa tunapima magari yakiwa juu ya jeki. Ijumaa moja asubuhi, Mwalimu mmoja mstaafu alileta pikapu yake. Saa tisa alitakiwa awachukue akina mama tisa wa kwaya, wakae nyuma, awapeleke msibani Kibamba. Tulibadilisha tairodi endi ya kushoto. Ya kulia Fundi Mkuu akaipima ikiwa juu, akasema nzima. Tukalishusha gari, Mwalimu akaenda zake kula.

Nilipolisogeza kivulini nikasikia: ko.

"Fundi, ya kulia bado. Naomba unitikisie."

"Wewe mtoto una masikio ya popo," akasema, akachukua funguo mkononi mwangu. "Haya, lala chini. Nakuja."

Nikalala, nikashika kifundo. Nilisubiri kidogo. Gereji ilikuwa imenyamaza, hata jamaa wa kuchomelea vyuma alikuwa ameacha. Kisha usukani ukaanza kutikiswa. Kushoto, kulia. Kifundo kikagonga kiganjani.

"Taratibu, Fundi," nikasema.

Ikawa taratibu.

"Sasa kaza."

Ikakazwa. Nikahisi gololi inapanda na kushuka ndani ya kikombe kama jino bovu. Hakunijibu neno, nikadhani amenuna.

"Basi, imetosha. Asante."

Ikaacha palepale.

Nilipotoka chini ya gari hapakuwa na mtu. Milango ya pikapu imefungwa, vioo vimepandishwa hadi juu, jua la saa saba linapiga. Nikajaribu kitasa cha huku, nikajaribu cha kule, vyote vimekomewa. Ndani, kwenye kiti, kulikuwa na kitabu cha nyimbo cha Mwalimu tu. Nikakaa mbali kidogo, juu ya tairi bovu, macho kwenye usukani. Haukusogea tena.

Fundi Mkuu alirudi na kanzu na kofia, anatoka msikitini.

"Nisamehe, adhana ilinikuta nafunga milango. Njoo tupime."

"Nimeshapima. Imekufa."

"Nani alikutikisia?"

"Nilidhani wewe."

"Mie nilikuwa safu ya pili. Nina mashahidi msikiti mzima." Alikuwa anacheka. Akaangalia uso wangu, akaacha. Akatoa funguo mfukoni, akazitazama, akaitazama kabini. Kisha akanipa, na akalala chini na ile kanzu nyeupe, kwenye matope.

"Nitikisie."

Nilikaa kwenye kile kiti. Nikatikisa.

"Toa hii," akasema. "Toa sasa hivi."

Tulipoifungua, gololi ilichomoka kwenye kikombe kwa mkono, bila nyundo. Tukafunga mpya, tukapima gari likiwa chini, watu wawili. Kimya. Mwalimu alipofika nikamwamkia, akaitikia, akauliza ni nani aliyegundua.

"Binti huyu," Fundi Mkuu akajibu, "na mwenzake."

Mwalimu akageuka kumtafuta huyo mwenzangu ampe mkono. Hakuna aliyemsaidia kutafuta. Saa tisa akaenda kuwachukua akina mama wa kwaya, na Jumatatu akapita kusalimia, wote wazima.

Baadaye nilihamia Msasani, kwenye gereji ya sakafu ya vigae, chini ya Meneja aliyetaka kila kitu kipimwe kwa mashine. Kazi nzuri, lakini mgongo ukakataa. Sasa nauza spea dukani, nakaa kwenye kiti chenye mto. Fundi kijana akija kununua kifundo kimoja namuuliza cha pili kakipimaje, na gari lilikuwa wapi, juu au chini. Wengine wananiona msumbufu. Ni sawa.

Kuna kitu hata Fundi Mkuu sikumwambia. Ijumaa ile, tulipokwisha kufunga kifundo kipya na Mwalimu hajarudi, nilitumwa peke yangu nisogeze pikapu getini. Nikaiegesha, nikazima. Ndani kulikuwa na joto la kuchoma. Nikajinyoosha hadi upande wa pili, nikashusha kioo kiasi cha vidole vinne, mwenzangu apate hewa, ndipo nikashuka.