Moshi wa Mtambo na Kifua cha Njeru

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku mama mkwe wangu alipotoka Siakago kuja kututembelea mjini Embu. Uhuru ulikuwa bado mpya. Mimi na mume wangu Nyaga, mwalimu wa shule ya msingi, tulikuwa tumepanga nyumba karibu na mtambo wa umeme uliochoma dizeli. Tulijivunia sana taa zetu. Jioni majirani walikuja kusikiliza redio, tukanywa chai na kucheka mpaka watoto wakalala sakafuni. Hata ngurumo ya mtambo niliizoea, ikinyamaza sipati usingizi.

Ila mwanetu Njeru alikuwa akikohoa. Tukimpa dawa ya hospitali anapata nafuu, kisha kikohozi kinarudi.

Mama mkwe alileta ndengu na asali. Alimwita Njeru "mume wangu", kwa kuwa mtoto alipewa jina la babu yake. Asubuhi alifua shuka la mtoto, akalianika. Lilipokauka lilikuwa na vidoadoa vyeusi. Akaniita.

"Mama Njeru, hii ni nini?"

"Ni masizi ya mtambo, mama. Tumezoea."

"Shuka utalifua tena. Kifua cha mume wangu utakifua na nini?"

Nyaga aliporudi kutoka shule alijaribu kumtuliza mama yake. Akamkumbusha kwamba hata yeye amepikia kuni maisha yake yote.

"Ndiyo, na macho yangu unayaona," akasema. "Lakini mimi moshi ukinizidi natoka nje. Huyu atoke aende wapi?"

Kesho yake mama mkwe akaondoka na mtoto kwenda naye Siakago. Nilipokwenda Siakago kumwona, nilimkuta akikimbiza mbuzi, kifua kimetulia. Tukamrudisha mjini, na upepo ulipovuma kutoka mtamboni akaanza kuhema kama mzee. Daktari alitueleza wazi kwamba ule moshi una chembe ndogo zinazoingia ndani kabisa ya mapafu, na wa kwanza kuumia ni watoto na wazee.

Tukahamia upande wa pili wa mji, nyumba isiyo na umeme. Nililia kuziacha zile taa, na wale majirani hasa. Njeru akapona. Mzee Ireri, fundi viatu aliyekuwa jirani yetu, hakuweza kuhama kwa sababu wateja wake walikuwa pale. Kifua kilimsumbua mpaka mwisho wake. Kicheko chake mbele ya redio nakikumbuka hadi leo.

Sasa wewe unatafuta nyumba mjini. Mwanangu, kabla ya kuuliza kodi, simama uone moshi wa mitambo unaelekea wapi. Mtoto akikohoa bila kukoma, mweleze daktari mnaishi karibu na nini. Na kama huwezi kuhama, usinyamaze. Jiunge na majirani, mwende kwa wenye mtambo na kwa serikali, mdai moshi upunguzwe. Umeme ni mzuri, nami naupenda, lakini usiruhusu mtu akwambie masizi ni kitu cha kuzoea.

Mungu akupe pumzi ndefu, wewe na wote watakaozaliwa nyumbani mwako.