Wino Bila Tone

Kwa miaka tisa kazi ya Malam Mudi ilikuwa kuchota maji ya mtaro. Asubuhi, kabla jua halijachemsha uvundo, aliteremsha ndoo pale vyoo vya mtaa mzima wa Kofar Dorawa, mjini Kano, vinapomwaga, akajaza chupa, akaipeleka maabara waangalie kama polio ingali inapita. Vijana wa kona walimwita Sarkin Kashi, mfalme wa mavi, naye akicheka nao. Mavi hayakumtia kinyaa. Mavi hayajifanyi kitu kingine.

Kilichomtia kinyaa alikiona siku ya tatu ya kampeni ya chanjo. Alikuwa ameinama mtaroni aliposikia kicheko. Mchanjaji Asabe alikuwa ameketi ukingoni na kisanduku chake cha barafu, akifungua vichupa vya chanjo na kuvimimina majini. Kando yake mwenzake aliwapaka watoto wino wa kidole, ile alama ya aliyekwisha kupewa matone, akawapa pipi, wakaenda zao.

"Asabe! Unafanya nini wewe?"

"Aa, Malam, usinipigie kelele. Mama zao wenyewe hawataki. Jana mmoja kanimwagia maji ya vyombo. Wanasema, 'Tupake wino tu, mtuache.' Nimewapaka."

"Na kwenye karatasi umeandika wamepewa?"

"Si wino unaonekana? Kila mtu kafurahi. Wewe chota kashi yako."

Mudi alitapika palepale, yeye ambaye miaka yote hiyo mtaro haukuwahi kumtapisha.

Akaenda kwa ofisa wa afya wa kata. Ofisa alikuwa anakula kosai, vile vitumbua vya kunde, mafuta yanamchuruzika kidevuni.

"Malam, kata yetu imepata tisini na tisa kwa mia. Unataka tuaibike?" Akalamba vidole.

Baada ya wiki sita maabara ikajibu: kirusi kimo majini. Mwezi haukuisha, Zulai, binti wa miaka mitatu wa jirani yake Uwale, akaamka na homa, kisha mguu ukalegea kama kitambaa kilicholowa.

"Mimi nilitaka tu wampake wino waondoke mlangoni, Malam," Uwale alisema, hamtazami.

Walipokuja wakubwa kutoka mji mkuu, Mudi alisimama mbele ya mkutano akasema yote, vichupa, wino na pipi. Asabe akafukuzwa. Ofisa akahamishwa kwenda ofisi kubwa zaidi, na akaagwa kwa mbuzi wa kuchoma. Mudi alialikwa. Harufu ya ile nyama ilimfikia njiani, akageuza.

Chanjo ikarudiwa nyumba kwa nyumba, naye akafuatana na wachanjaji wapya. Kwa Uwale, mama huyo alitoa kichanga chake mwenyewe.

"Mpeni. Lakini wino baadaye. Kwanza nione anameza."

Mtoto alikunja uso, akameza. Zulai alikuwa mkekani, anaukokota mguu kuja kutazama.